Kibodi ya gemu yenye BASIC: namna ya kuifufua na kumfundishia mtoto programu

Zile kibodi za plastiki zilizokuja na pedi mbili, bastola na kaseti ya gemu, zikaitwa kompyuta za kujifunzia, bado zimelala kwenye makabati na stoo za nyumba nyingi. Waliozitumia walicheza gemu wakaishia hapo. Lakini ukipita mazoezi ya kuchapa na hesabu kwenye menyu yake, mara nyingi utakuta kipengele kimeandikwa F BASIC au G BASIC, na hicho, yaani lugha ya kuandikia programu iitwayo BASIC, ndicho kinachoipa mashine hii thamani mpaka leo. Mtoto wa miaka tisa au kumi anaweza kuandika programu yake ya kwanza humo bila intaneti, bila akaunti, bila matangazo ya kumkatiza.

Kujua asili yake kunasaidia, kwa sababu vitabu vya maelekezo vya mashine hizi mara nyingi vilikuwa vibovu au vilipotea. Mwaka 1984 Nintendo, kwa kushirikiana na Hudson Soft na Sharp, walitoa Japani kibodi na kaseti ya Family BASIC kwa ajili ya mashine yao ya gemu ya Famicom. Baadaye viwanda vya China vikatengeneza nakala zilizounganisha mashine na kibodi kuwa kitu kimoja. Iliyovuma zaidi ni Subor ya Zhongshan, ambayo miaka ya 1990 ilitangazwa na Jackie Chan. BASIC iliyomo kwenye nakala hizo imetokana na ile ya Nintendo, hivyo amri za Family BASIC karibu zote hukubali humo. Ukikosa kitabu cha mashine yako, tafuta maelekezo ya Family BASIC.

Anza na umeme, maana hapo ndipo mashine nyingi hufa siku ya kufufuliwa. Nakala nyingi hutumia adapta ya volti 9. Tatizo si volti, ni ncha za umeme: baadhi zina hasi katikati ya plagi, nyingine zina chanya. Tazama mchoro mdogo wa duara karibu na tundu la adapta, kisha ulinganishe na ule ulio kwenye adapta. Kama mashine haina mchoro, ifungue ufuatilie waya wa tundu: upande uliounganishwa na bati la ardhi la ubao ndio hasi. Pima kwa mita, usikisie. Ndani kuna kipande cha miguu mitatu kilichoandikwa 7805, kinachoshusha umeme hadi volti 5. Ukichomeka adapta ya volti 12 kwa sababu ndiyo iliyopo, kipande hicho kitabeba tofauti yote kama joto: mashine ikivuta ampea 0.3, volti 9 zinakipa wati 1.2 za kutoa, volti 12 zinakipa wati 2.1. Picha itaanza vizuri, kisha baada ya dakika kadhaa itaganda. Ukiona inaganda ikishapata moto na kupona ikipoa, shuku adapta kabla ya kulaumu kaseti.

Picha nayo ina mitego yake. Kama mashine ina matundu ya njano na nyeupe, tumia hayo: njano ni picha, nyeupe ni sauti. TV nyingi mpya hazina matundu hayo, zina tundu moja dogo la AV linalohitaji waya wenye kichwa cha pete tatu nyeusi. Waya hizo zinafanana kwa macho lakini mpangilio wa ndani hutofautiana. Ukipata sauti bila picha, hamisha plagi ya njano kwenye matundu mengine mawili kabla ya kununua waya mpya. Kwenye TV nyingine tundu la njano limeunganishwa na la kijani, kwa hiyo chomeka njano kwenye kijani.

Mashine yenye waya wa antena tu bado inafaa. Tanzania ilianza kuzima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012 kwa kuanzia Dar es Salaam, lakini TV nyingi zimebaki na kipokezi cha analojia, kwenye menyu huandikwa ATV. Washa mashine kwanza, menyu yake ikiwa inaonyeshwa, ndipo uanze kutafuta chaneli. Ukipata picha isiyo na rangi, badilisha mfumo wa rangi wa TV kati ya PAL na NTSC. Bastola iache: ilitengenezwa kwa TV za kioo cha mgongo na haiwezi kufanya kazi kwenye TV bapa hata ukifanya nini.

Kaseti ikikataa, usiipulize. Mate yanayotoka na pumzi huozesha shaba, na kilichosaidia zamani ni kuichomoa na kuirudisha, si pumzi. Chovya pamba ya masikio kwenye spiriti kali isiyo na rangi, pangusa miguu yote 60 pande zote mbili, subiri ikauke. Ufutio wa penseli utumie kwa mkono mwepesi tu pale penye kutu, kwa sababu unakwangua dhahabu nyembamba iliyopakwa juu.

Kwenye kibodi, tofautisha kitufe kimoja kilichokufa na vitufe kadhaa vilivyokufa pamoja. Kimoja ni uchafu: fungua, inua raba, pangusa karatasi ya plastiki iliyo chini yake kwa spiriti. Vikifa kadhaa kwa mpigo, njia moja ya utepe unaounganisha kibodi na ubao imekatika. Utepe huo wenye mistari ya kaboni usijaribu kuulehemu kwa risasi. Plastiki itayeyuka kabla risasi haijashika. Safisha ncha yake, kata milimita mbili tatu kama mwisho umechakaa na urefu unaruhusu, kisha uusukume tena sawasawa.

Sasa BASIC yenyewe. Ukiingia utaona neno OK na mshale unaosubiri. Andika PRINT FRE ubonyeze RETURN. Namba itakayotokea ni baiti ulizonazo kwa programu nzima. Toleo la kwanza la Family BASIC lilikuwa na karibu baiti 2,000, toleo la tatu karibu 4,000. Ni ndogo, lakini inatosha mistari mingi ya mtoto.

Kitu cha kwanza cha kumfundisha si PRINT, ni kitufe cha RETURN. Mhariri wa BASIC hii hukuruhusu kupandisha mshale hadi mstari wowote ulio kwenye skrini na kuurekebisha, lakini marekebisho hayaingii mpaka ubonyeze RETURN ukiwa juu ya mstari huohuo. Mtoto hubadilisha mstari wa 30, anashusha mshale, anaandika RUN (amri ya kuendesha programu), kosa linarudi lilelile. Anaanza kuamini kuwa mashine ni mbovu au yeye hajui. Kila mara mfundishe kuandika LIST baada ya kurekebisha, aone kwa macho yake kilichomo kwenye kumbukumbu. Skrini huonyesha kilichochapwa. LIST huonyesha kilichohifadhiwa.

Programu ya kwanza iwe hii:

10 CLS
20 FOR I=1 TO 12
30 PRINT I;" X 7 =";I*7
40 NEXT

Aandike RUN. Akiona jedwali la 7, mwambie abadilishe mstari wa 20 au wa 30 peke yake, kimoja kwa wakati. Makosa yatakuja kwa ufupisho wa herufi mbili. ?SN ERROR ni tahajia au alama: mara nyingi herufi O mahali pa sifuri, au alama za nukuu ambazo hazikufungwa. ?UL ERROR inamaanisha programu imetumwa kwenye mstari ambao haupo. ?TM ERROR ni kuchanganya maneno na namba. Haya matatu yaandikeni nyuma ya daftari.

Programu ya pili ni ya kubahatisha namba, na watoto huirudia sana kwa sababu inawaruhusu kuwatega wenzao:

10 CLS
20 N=RND(50)+1
30 INPUT "NAMBA";A
40 IF A<N THEN PRINT "PANDA"
50 IF A>N THEN PRINT "SHUKA"
60 IF A<>N THEN 30
70 PRINT "UMEPATA"
80 BEEP

RND(50) hutoa namba kuanzia 0 hadi 49, ndiyo maana ya ile +1. Usimpe mtoto maelezo hayo mapema. Mwache aulize kwa nini kuna +1, aifute, acheze, aone sifuri inapotokea.

Mtego mkubwa kwa wasomaji wa huku ni pesa. BASIC hii hujua namba nzima tu, kuanzia -32768 hadi 32767, kwa kuwa kila namba huwekwa kwenye biti 16. Mtoto akiandika programu ya duka, kilo 12 za sukari kwa shilingi 3000, jibu ni 36000 na mashine itasema ?OV ERROR. Mifano mingi ya vitabu vya Kijapani na Kichina haigongi ukuta huu mapema. Shilingi yetu inaugonga siku ya kwanza. Dawa ni kuhesabu kwa mamia: bei iwe 30, jumla 360, na programu iandike PRINT "MAMIA";J. Naona hili ni somo zuri kuliko lolote lililo kwenye menyu ya mashine, kwa sababu mtoto anakutana na mpaka halisi wa kompyuta kupitia hesabu anayoijua dukani.

Kugawanya pia hakuna desimali. PRINT 7/2 hutoa 3. Salio linapatikana kwa MOD: mandazi 50 kwa watoto 8, 50/8 ni 6 kila mmoja, 50 MOD 8 ni 2 yaliyobaki. Mtoto wa darasa la tatu anaelewa salio kuliko desimali, kwa hiyo hapa upungufu wa mashine unakuwa faida.

Kinachowafanya watoto warudi kesho ni vikaragosi. Kumo humo kuna vikaragosi 16 vilivyokwishachorwa, kuanzia namba 0 ambaye ni Mario kwenye toleo la Nintendo, pamoja na pengwini, gari na vingine. Kukitembeza kimoja ni mistari michache:

10 CLS
20 SPRITE ON
30 CGSET 1,0
40 DEF MOVE(0)=SPRITE(0,3,1,100,0,0)
50 POSITION 0,20,120
60 MOVE 0
70 IF MOVE(0)=-1 THEN 70
80 BEEP

Namba sita kwenye mstari wa 40 ndizo kazi yote. Ya kwanza ni kikaragosi, 0 hadi 15. Ya pili ni upande: 1 juu, 3 kulia, 5 chini, 7 kushoto, na namba shufwa zilizo kati yake, pamoja na 8, ni mshazari. Ya tatu ni mwendo, na hapa wengi hupotea: namba ikiwa kubwa kikaragosi kinakuwa polepole, kwa sababu ni vigawanyo vya 60 kwa sekunde. Ya nne ni umbali, na kila 1 ni nukta mbili, kwa hiyo 100 ni nukta 200. Ya tano ni kupita mbele au nyuma ya maandishi, ya sita ni rangi. Mstari wa 70 husubiri safari iishe. Ukiuondoa, mlio utatoka kikaragosi kikiwa kinaanza tu kutembea. CLS haifuti vikaragosi, kwa hiyo kikibaki kwenye skrini andika SPRITE OFF.

Baada ya hapo pedi huingia kwa STICK(0): 1 kulia, 2 kushoto, 4 chini, 8 juu. Muziki ni PLAY "T4O3C5D5E5", ambapo C, D na E ni noti, na 5 ni urefu wa robo.

Yote haya hupotea ukizima. Kaseti ya Nintendo ilikuwa na betri mbili za AA za kulinda kumbukumbu, na mashine iliweza kurekodi programu kwenye kanda ya redio kaseti. Nakala nyingi hazina betri wala tundu la kurekodia, hivyo hata kama SAVE inakubaliwa hakuna inakokwenda. Kwa hiyo tumia daftari la hesabu lenye miraba. Upande wa kushoto andika programu kwa mkono kabla ya kuwasha mashine. Upande wa kulia chora pembe nne ya miraba 28 kwa 24, ambayo ndiyo skrini nzima, na upange maneno humo: LOCATE 10,5 ni mraba wa 10 kwenda kulia na wa 5 kwenda chini, ukihesabu kuanzia 0. Ruka namba za mistari kwa kumi kumi ili ipatikane nafasi ya kuchomeka mstari wa 35 baadaye. Mkimaliza kipindi, pigeni picha ya LIST kwa simu, vipande viwili kama programu imezidi skrini.

Kama mashine imekufa kabisa, Family BASIC huendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida kwa programu kama FCEUX au Mesen, zenye uwezo wa kuiga kibodi yake na kuhifadhi hali ya kumbukumbu popote mlipofika. Kwenye mipangilio chagua kibodi ya Family BASIC kama kifaa cha nyongeza, la sivyo herufi hazitaingia, na uzime njia za mkato za programu yenyewe, kwa sababu herufi anazochapa mtoto zinaweza kusimamisha au kuanzisha upya mashine katikati ya mstari.