Kutoa sehemu zenye asili tofauti: msaidie mtoto kwanza kulisoma jibu lake

Mzazi aliyeuliza anataka kujua namna ya kumwelekeza mwanawe katika swali hili: maji yalifika 5/6 ya tangi, kisha yakatumika maji ya kujaza 1/4 ya tangi, je, yalibaki sehemu gani ya tangi? Mtoto ametoa 1 katika 5, akatoa 4 katika 6, akaandika 4/2.

Kabla ya kumpa kanuni yoyote, mwambie akigawe kiasi, yaani namba ya juu, kwa asili, yaani namba ya chini. Atapata 2, yaani matangi mawili yaliyojaa pomoni, ilhali tangi lenyewe ni moja, halikuwa limejaa, na maji yamepunguzwa. Katika kufundisha hisabati za shule ya msingi, nimeona kwamba mtoto akilisoma jibu la namna hiyo kwa sauti, pamoja na kitu kinachopimwa, hulikataa mwenyewe.

Hapo ndipo umweleze kwamba asili hutaja ukubwa wa kipande, na kiasi hutaja idadi ya vipande. Sudusi, yaani 1/6, na robo ni vipande visivyolingana, kwa hiyo hatuwezi kuvihesabu pamoja mpaka tuvikate upya kwa ukubwa mmoja. Vigawe vya 6 ni 6, 12, 18. Vya 4 ni 4, 8, 12. Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani KDS, ni 12. Basi 5/6 ni 10/12, na 1/4 ni 3/12, hivyo yamebaki 7/12 ya tangi, kiasi kinachozidi nusu kidogo tu. Anayezidisha 6 kwa 4 na kutumia 24 atapata 14/24, ambayo akiirahisisha inarudi kuwa 7/12. Mimi simkati alama.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, ugumu wa mafumbo haya hauko katika KDS, bali katika neno dogo linalofuata sehemu. Swali lingesema kwamba ilitumika robo ya maji yaliyokuwemo, tusingetoa 1/4 hata kidogo. Tungetafuta kwanza robo ya 5/6, ambayo ni 5/24, kisha tungetoa 5/24 katika 20/24 na kubaki na 15/24, yaani 5/8. Tofauti ya majibu hayo mawili ni 1/24 tu, kwa hiyo makadirio hayatamwonyesha mwanafunzi kwamba amekosea. Lazima ajiulize, kila anapokuta sehemu, ni sehemu ya nini.

Jambo jingine linalowasumbua wengi ni namba mchanganyiko. Kitambaa cha mita 4 1/3 kikikatwa mita 1 3/4, tunaandika 4 4/12 kutoa 1 9/12, na kwa kuwa 4 haitoshi kutolewa 9, tunakopa mita moja nzima. Mtoto aliyezoea kukopa kumi katika namba nzima huandika 14/12, ilhali mita moja hapa ina vipande 12, kwa hiyo inakuwa 3 16/12, na jibu ni mita 2 7/12. Ili ahakikishe, ajumlishe 2 7/12 na 1 9/12: asiporudi kwenye 4 1/3, akague kwanza pale alipokopa.