Acheni Kubandika Tagi Kama Stika za Matatu

Wadogo zangu mlioanza kazi ya kupima tovuti mwaka huu, nawapenda, lakini mmenichosha. Juzi nimefungua tovuti ya mteja mmoja wa Industrial Area anayeuza mabati. Alitaka kujua kwa nini ripoti inaonyesha wageni wameongezeka ilhali simu za oda zimelala palepale. Nikakuta GA4, huduma ya Google ya kuhesabu wageni wa tovuti, imewekwa ndani ya mandhari ya WordPress, imewekwa tena kupitia Tag Manager, chombo cha kupachika tagi (vipande vya msimbo wa kupimia), na programu-jalizi moja iliyosahaulika nayo ina ya kwake. Ukurasa ukifunguliwa mara moja, hesabu inaingia mara mbili, wakati mwingine tatu. Juu ya hapo kuna Clarity, kuna Hotjar, zote mbili za kurekodi ziara za wageni, kuna pikseli ya Meta ya matangazo ya Facebook, zote zikila bando la mama wa Kayole aliyetaka tu kujua bei ya bati la geji 30. Nilipomuuliza kijana aliyeifanya kazi ile, akanijibu bila wasiwasi: "Mteja alisema anataka data yote."

Basi kaeni tuzungumze. GA4 mnaijua na Tag Manager mnaijua, sitawarudisha darasani.

1. Andika swali kwanza, kwa kalamu, kabla hujafungua akaunti yoyote. "Watu wanaachia wapi fomu ya oda?" ni swali. "Tunataka kuelewa tabia ya wateja" si swali, ni mkutano. Swali likishakaa kwenye karatasi, njia ya kupima hujitokeza yenyewe. Ukitaka kujua wanaachia wapi, weka tukio, yaani alama ambayo GA4 huandika mtu akifanya jambo fulani, kwa kila hatua ya fomu. Ukitaka kujua kwa nini wanaachia, rekodi ziara chache kwa Clarity utazame kidole kinahangaikia wapi. Kurasa zinazovunjika zimo kwenye logi za seva, kumbukumbu ambazo seva huandika kila ukurasa unapoombwa. Kama pesa imeingia au haijaingia, hilo nitalifikia, na nikifika nitakaa sana.

2. Logi za seva mnazidharau kwa sababu hazina rangi. Lakini hazimgharimu mgeni hata baiti moja, na zinamwona hata aliyezima JavaScript. Pitisha access.log, faili ya logi hizo, kwenye GoAccess, programu ya kuzichambua, na jioni hiyohiyo una ripoti. Kasoro zake mzijue: roboti zimejaa humo, na anwani ya IP si mtu. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo ukihesabu IP ukaziita "wageni" utaumbuka mbele ya watu. Kuna na kivinjari cha Opera Mini. Ikiwa katika hali ya kubana data kabisa, ukurasa hufunguliwa kwanza kwenye seva zake, JavaScript huendeshwa hukohuko kwa muda mfupi, na simu hupokea ukurasa uliokwisha tayarishwa. Kuna kijana aliniletea kwa furaha chati inayoonyesha kwamba wateja wa simu ndogo "hawasogezi ukurasa kabisa". Wanasogeza, ndugu yangu. Ni wewe huwaoni.

3. Kabla hujaunda tukio, tazama kile ambacho GA4 inakusanya tayari ukiwasha swichi ya vipimo vya ziada: viungo vya nje, faili zinazopakuliwa, utafutaji wa ndani, video za YouTube, na kusogeza ukurasa, ambako huandikwa mtu akifika asilimia 90 tu. Muda wa kuhifadhi data uutoe miezi 2 uweke 14. UTM, yaani maneno ya kutaja chanzo unayoongeza kwenye viungo, ziwe zote kwa herufi ndogo, maana Facebook na facebook ni vyanzo viwili. Saa za eneo ziwe za Nairobi. Ukiziacha za Los Angeles, siku yako itaanza saa nne au saa tano asubuhi kutegemea msimu wao, na mauzo ya alfajiri ya leo utamwambia bosi ni ya jana.

4. Sasa pesa.

Kulikuwa na duka linalouza sare na vifaa vya shule. Msimu wake ni Januari, shule zinapofunguliwa na wazazi wanapokimbizana na orodha za mahitaji. Malipo ni ya M-Pesa: mnunuzi anaandika nambari ya simu, anabonyeza "Lipa sasa", STK, ombi la malipo la M-Pesa, inamfikia kwenye simu, anaweka PIN. Kupima mauzo nikapewa mimi. Nikatazama ukurasa, nikaona kitufe kikubwa cha kijani, nikafunga tukio la purchase (ununuzi) papo hapo kwenye kitufe. Nikamaliza kabla ya chai ya saa nne, na nikajiona fundi.

Ripoti zikapendeza ajabu. Tukio hilo tulikuwa tumeliunganisha na matangazo ya Google, na gharama ya kumpata mnunuzi mmoja ikawa inashuka kila wiki. Mwenye duka akaniuliza kama aongeze bajeti. Nilimjibu aongeze, tena haraka, kabla shule hazijatulia. Barua pepe hiyo bado ninayo, na sina ujasiri wa kuifuta.

Mwezi ulipoisha mhasibu wao akaniita. Mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, taarifa ya M-Pesa ameichapisha yote na kuibana kwa klipu, orodha ya oda kutoka ripoti yangu ameiweka pembeni. Hakugomba. Aliweka rula chini ya mstari wa kwanza wa taarifa, akatafuta mwenzake kwangu, akapiga tiki. Wa pili, tiki. Akaenda hivyo kurasa nzima, mimi nimesimama kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Taarifa yake ikaisha. Yangu ikabaki na mistari mingi isiyo na mwenza, mingine ya kiasi kilekile ndani ya dakika moja. Akainua macho.

"Kijana, hawa wengine walilipia wapi?"

Hawakulipa. STK ikichelewa, mtu hubonyeza tena, na tena. Mwingine mtandao umekatika. Mwingine salio halitoshi. Mwingine alikuwa anatafuta tu jumla pamoja na gharama ya kusafirisha, kwa sababu sisi wenyewe tuliificha hadi hatua ya mwisho. Wote hao mimi nimewaita wanunuzi.

Na ripoti ndiyo ilikuwa hasara ndogo. Mfumo wa matangazo hujifunza kutokana na matukio unayoupa. Niliufundisha kwamba mnunuzi ni mtu anayebonyeza kitufe, nao ukatii: ukaenda kutafuta wabonyezaji, ukawapata kwa wingi na kwa bei nafuu. Ile gharama iliyokuwa ikishuka, ambayo mimi nilikuwa nikiionyesha kwenye mikutano kwa mshale wa kijani, ilikuwa inashuka kwa sababu tulikuwa tunanunua watu wasionunua. Bajeti niliyosihi iongezwe ndiyo iliyowafuata hao.

Mngedhani nimejifunza. Nilikimbilia kurekebisha usiku uleule, nikahamisha tukio kwenye ukurasa wa "Asante". Hesabu ikawa chini ya ukweli. Hebu fikirini jinsi nyinyi wenyewe mnavyolipa: ukishaweka PIN unasubiri nini? Ujumbe wa M-Pesa. Ukiingia, roho imetulia, kivinjari unakisahau hukohuko, na ukurasa wa asante haufunguki kamwe. Halafu kuna wazazi walioupenda ukurasa ule. Waliufungua wiki nzima kukagua oda ya mtoto imefikia wapi, na kila wakiufungua mimi nahesabu sare mpya. Mhasibu hakujisumbua kuniita mara ya pili. Alinitumia picha ya rula kwenye WhatsApp.

Jibu lilikuwa kwenye seva muda wote. Malipo ya M-Pesa hayatokei kwenye ukurasa. Yanatokea kwenye simu, na habari yake inarudi kwenye seva yenu, kwa anwani mliyoiweka ndani ya ombi la STK. Kwa hiyo, kabla ya kutuma ombi hilo, soma client_id, kitambulisho cha kivinjari cha mgeni, kutoka kuki ya _ga, chukua na session_id ya ziara yake, uvihifadhi kwenye jedwali la oda; ombi likijibiwa, ongeza hapo CheckoutRequestID, nambari ya ombi la STK. Ukivisahau, mauzo yataingia lakini hutajua yaliletwa na tangazo gani. Majibu yakirudi na ResultCode 0, yaani malipo yamefanikiwa, hapo ndipo seva itume purchase kwa Measurement Protocol, njia ya seva kuitumia GA4 matukio, transaction_id ikiwa nambari ya oda, na ikague kwanza kama oda hiyo haikutumwa tayari. Majibu yasipoonekana, ulizia hali ya muamala, usibahatishe. Hakuna haja ya pupa: GA4 hukubali tukio la hadi saa 72 zilizopita.

ResultCode nyingine msizitupe. 1032 mtu amekataa mwenyewe, 1037 simu haikupatikana, 1 salio halitoshi, 2001 PIN si sahihi. Tumeni kila moja kama tukio la malipo yaliyokwama, mkitaja sababu. Pale dukani tulipozitenganisha ndipo tukaona waliokataa wenyewe wanawazidi wasio na salio. Tukaitoa gharama ya kusafirisha kwenye hatua ya mwisho, tukaiweka chini ya bei ya kila bidhaa, na zile 1032 zikapungua. Kurekodi mibofyo mwaka mzima kusingetuonyesha hilo, maana kukataa kwenyewe kulifanyika nje ya ukurasa.

5. WhatsApp ni ndugu wa hilo la 4. Mtu akibofya kiungo cha wa.me, GA4 itaandika kiungo cha nje na macho yako yataishia hapo. Msiuite mauzo, tafadhali. Weka maneno tayari ndani ya kiungo, yakiwa na nambari ya bidhaa, ili muuzaji ajue mteja ametoka ukurasa gani. Halafu mpe muuzaji daftari. Mnacheka. Kuna dada anauza spika Luthuli Avenue ana daftari la kaunta lenye safu nne: saa, bidhaa, eneo, amelipa au la. Kila Ijumaa mdogo wake analiingiza kwenye jedwali la kompyuta. Dashibodi niliyomjengea aliifungua siku niliyomkabidhi. Daftari analifungua kila siku, na maamuzi ya nini aagize anayafanya kutoka humo. Niliacha kubishana naye, nikaongeza safu ya tano: ameona tangazo wapi.

6. Nambari za simu. Fomu inayotuma kwa GET humwaga nambari ya mteja kwenye anwani ya ukurasa, na anwani ya ukurasa ni kati ya vitu vya kwanza GA4 inavyochukua. Nimefungua ripoti ya kurasa nikakuta 2547 zimepangana kama orodha ya harambee. Google inakataza, na kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hiyo ni data ya kibinafsi. Faini yake inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo. Tumieni POST, isiyoweka majibu kwenye anwani. Ficheni sehemu za kujaza kabla ya kurekodi ziara ya kwanza, si baada ya mtu kulalamika. Bango la kuki ambalo kitufe chake cha "Kataa" hakizuii tagi hata moja ni pambo tu. Mteja akiwa kliniki au sacco, anzeni na Matomo, mbadala wa GA4, kwenye seva yake mwenyewe, na pikseli za matangazo zisikaribie kurasa ambazo mtu anaeleza ugonjwa au mkopo wake.

7. Jaribuni kwa simu ya bei ya chini na bando, si kwa wifi ya ofisi. Na msiamini jibu la Measurement Protocol: hupokea hata takataka bila kulalamika, kwa hiyo pitisheni ombi kwanza kwenye anwani yake ya ukaguzi. Undeni bidhaa ya shilingi 10. Ilipie, ufunge kivinjari kabla ujumbe haujafika, uone kama purchase imeingia. Rudia ukikataa STK. Rudia simu ikiwa imezimwa. Orodha ya majaribio mpelekee mhasibu kabla hujampelekea bosi. Na hizo shilingi 10 zidai ofisini, usije kunidai mimi.