Kabla hujanunua sanamu ya duka lako la vipodozi

Kama unafungua duka la vipodozi au wigi katikati ya jiji, usichukue sanamu ya kwanza ya kuonyeshea bidhaa dirishani utakayoonyeshwa. Nimefanya biashara hii River Road, Nairobi, kwa miaka mingi, na mteja husimama dirishani pale anapouona uso unaofanana na wake. Hata hivyo, ukizunguka huku utakuta sanamu tele zenye ngozi ya waridi na pua nyembamba. Dada mweusi anayetafuta poda ya rangi yake anapita tu. Inaniuma kila nikiona hivyo.

Sura hizo zilianzia mbali. Mwanzoni mwa karne ya 20, Pierre Imans wa Paris alitengeneza sanamu za nta zenye macho ya kioo na nywele za binadamu. Zilipendeza ajabu, ila zilikuwa nzito, na joto la dirishani likizidi, nta ililegea. Baadaye zikaja za plasta, kisha za faibaglasi, na bado sura ya Kizungu ndiyo iliyotawala. Katika miaka ya 1960, Adel Rootstein wa London alitengeneza sanamu kwa mfano wa Donyale Luna, mwanamitindo Mmarekani mweusi aliyetokea kwenye jalada la jarida la mitindo la Vogue ya Uingereza mwaka wa 1966. Kwangu mimi, hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote.

Basi ulizia sanamu ya kahawia isiyong'aa, kwa sababu inayong'aa hurudisha mwanga na kuua rangi ya midomo. Itoe nje uitazame mchana. Taa za dukani hudanganya. Na usiitumie kumchagulia mteja faundesheni. Plastiki haitoi jasho wala mafuta. Mpake mteja mwenyewe kidogo kwenye taya, msubiri ikauke.

Tatizo la joto nalo halijaisha, maana lipstiki pia ni nta na mafuta. Jua la Januari likipiga kioo alasiri nzima, utaona vitone vidogo vya mafuta vimejitokeza juu yake, kisha inaanza kuinama. Hiyo usimuuzie mtu. Dirishani panga maboksi matupu, mali ikae rafu za ndani. Wigi ya nywele halisi pia hupauka juani, kwa hiyo ibadilishe mara kwa mara, na hiyo iliyokaa dirishani uiuze kwa bei ya chini ukimweleza mteja sababu.