Jibu: Ardhi bado inayumba na usingizi unakatika

Assalaam alaykum ndugu yangu. Umeuliza kwa nini, wiki mbili tangu utie nanga Shela, Lamu, baada ya miezi mitano baharini peke yako, ardhi bado inayumba na usingizi unakatika kila nusu saa.

Kwanza angalia kuyumba huko kunakuja wakati gani. Mimi niliporudi na upepo wa kusi, nilikuwa nikishika ukuta wa bafu kila nilipofumba macho na kujimwagia maji kwa kata, lakini nikipanda mashua hali ilitulia kabisa. Mwili ulikuwa bado unafuata mawimbi, na kwa kawaida jambo hilo huisha lenyewe. Likizidi mwezi mmoja, au masikio yakivuma, nenda hospitali.

Usingizi ndio ulionisumbua zaidi, kwa sababu baharini nilijizoeza kuamka kuangalia meli na tanga, na nyumbani hata punda akilia uchochoroni nilikurupuka kutafuta usukani. Nilimwomba ndugu yangu akague nanga kila jioni na kuniambia imeshika. Siku nne za kwanza sikumwamini, nikatoka usiku kuhakikisha mwenyewe. Vikao vya barazani na kahawa yake navyo visubiri kidogo mpaka usingizi utulie, ingawa Lamu kukataa kahawa ya jirani si jambo jepesi.