Mwanangu, kuhusu ule mshumaa wa ziada

Mwanangu mpenzi,

Voisi noti yako nimeisikiliza mara mbili. Mjukuu wangu anatimiza mwaka keshokutwa, na wewe unauliza mbona kila bethdei yako nilikuwa naweka mshumaa mmoja zaidi ya miaka yako, na haya mambo ya keki na mishumaa yalianzia wapi. Nimeona bora nikuandikie manake kwa simu nisingemaliza.

Ule wa ziada ni wa mwaka unaokuja. Wajerumani wanauita Lebenslicht, yaani mwanga wa uhai, nami nilivyosikia tu habari yake nikaipenda, kwa sababu ile mingine inahesabu miaka iliyokwisha pita lakini huu mmoja unaomba.

Na kwa keki yenye mishumaa ya umri, wa kushukuriwa ni haohao Wajerumani. Mwaka 1746 huko Marienborn ilisherehekewa siku ya kuzaliwa ya Zinzendorf, kiongozi wa Wamoraviani, na Andreas Frey aliyeandika habari hiyo anasema keki ilikuwa kubwa kadiri oveni ilivyoweza kubeba, imetobolewa matundu sawa na miaka yake, kila tundu na mshumaa wake, na mwingine mmoja katikati. Zinzendorf alizaliwa 1700 kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, 46 pembeni na huo mmoja. Mimi nikifika hapo kwenye huo wa katikati huwa nasimama kwanza.

Utasikia watu wanasema ni Wagiriki, eti kwa sababu ya Artemi. Kweli walimpelekea keki zilizozungushiwa taa, ila ile ilikuwa sadaka ya mungu wao, siyo bethdei ya mtu. Warumi ndo wako karibu, wao siku ya kuzaliwa walikuwa na keki yao, libum, ya unga na jibini.

Halafu usidhani keki ilikuwa kitu rahisi. Mapishi ya Hannah Glasse wa Uingereza, ya 1747, yanataka mchanganyiko upigwe kwa mkono au mwiko mkubwa wa mbao saa nzima, saa nzima mwanangu, manake bila huo upepo keki haiumuki. Mpaka 1843 Alfred Bird, Mwingereza pia, akatengeneza beking pauda kwa sababu mke wake hamira ilikuwa inamdhuru. Kila nikichota kijiko cha beking pauda namkumbuka yule mama, kwamba mtu alimpenda hivyo na sisi wote tukafaidi.

Kupuliza nako, kuna maandishi ya 1881 kuhusu Uswisi yanasema mwenye siku yake anazima mmoja mmoja kabla keki haijaliwa. Ila 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walipima wakakuta kupuliza kunaongeza bakteria kwenye aisingi kwa asilimia 1,400, kwa hiyo kama mtoto ana mafua mkatie kipande chake, mishumaa ikae kwenye hichohicho.

Ulipotimiza minne uliizima yote ukabakiza mmoja, ukaufunika kwa viganja nisiuguse, nta ikawa inachuruzika kwenye aisingi nyeupe na mimi nikakuacha.

Keshokutwa weka miwili. Na unipigie video kabla hamjaiwasha.

Mama yako