Usiyamwage maji ya barafu

Mdogo wangu unayeanza kusoma kopepodi hapa Moshi, hawa vimelea wadogo wa samaki walio jamii ya kamba na kaa, usianze kuhangaika na majina ya Kilatini. Anza na sanduku la samaki. Samaki wa Tanga hufika huku wamelazwa pamoja kwenye barafu, tasi juu ya changu, kolekole chini yao, na safari nzima maji yanawapitia wote. Sasa kopepodi wa familia ya Caligidae hutambaa juu ya ngozi, na samaki akishakufa wengi humhama. Ukimkuta mmoja juu ya tasi wa sokoni, usiandike kwamba ni wa tasi. Andika umemkuta kwenye sanduku la mchanganyiko.

Mimi mwaka wa kwanza nilitia vimelea wa samaki sita kwenye chupa moja ya ethanoli. Wakati wa kuandika ripoti sikuweza kusema nani alitoka kwa nani, na kazi ya miezi mitatu ikapotea. Iliniuma sana. Tangu hapo kila samaki na mfuko wake, na chupa yake, na ndani ya chupa kikaratasi cha penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli.

Kopepodi waliojishikiza kwa samaki ndio wa kuaminika kwamba ni wake. Lernanthropus hubana matamvua kwelikweli. Jike wa familia ya Lernaeopodidae ana mikono miwili iliyoungana nchani kwenye kitufe kilichozama katika nyama ya samaki, kwa hiyo usimvute, kata kipande cha nyama utoke naye. Pennella wa sulisuli anataka subira zaidi: kichwa kimezama ndani kabisa, ukivuta mwili unakatika, na kichwa ndicho utakachokihitaji kumtambua.

Kabla hujashika hadubini, watoe wasiohusika. Argulus, chawa wa samaki, anafanana kwa ubapa na Caligus, mmoja wa wale Caligidae, lakini si kopepodi, na jike wake haburuzi vifuko vya mayai nyuma. Mwenye jozi saba za miguu na pingili zilizo wazi mgongoni ni aisopodi, kundi jingine kabisa.

Kisha chagua jike mwenye mayai. Kwa familia ya Chondracanthidae mkague mwili mzima kabla ya kumsafisha, kwa sababu dume ni mdogo mno na huishi ameng'ang'ania kwa jike; ukipitisha brashi umempoteza.

Caligus mtazame ukingo wa mbele wa kichwa. Utaona vijiduara viwili, kimoja kila upande, vinang'aa kidogo. Wanaoanza huvidhania macho, kumbe ni vinyonyeo. Umbo likiwa lilelile na vijiduara havipo, fikiria Lepeophtheirus, jenasi ya jirani yake. Mayai ya wote wawili yamepangana safu moja ndani ya kifuko kirefu, kama sarafu zilizobebana.

Hapo umefika kwenye jenasi tu. Spishi iko miguuni. Mloweke kwenye asidi ya laktiki mpaka alainike na mwanga umpenye, tenganisha miguu kwa sindano nyembamba, hesabu miiba na vinyweleo vya kila pingili, na uchore kwa mkono wako hata kama una kamera. Mkono unaochora hulazimisha jicho kuhesabu.

Na lile sanduku likishabaki tupu, maji ya barafu yachuje kwa kitambaa chepesi, ukitazame polepole chini ya taa. Waliowakimbia samaki wao wamo humo.