Unafanya kazi na unajiandaa kuomba shahada ya sheria: kilichonisaidia nisiache

Mkuu, umeuliza ufanyeje ili usikate tamaa. Una kidato cha nne cha zamani, unafanya ulinzi kwa zamu, na unataka kufanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), ili uombe shahada ya sheria. Unasema kila ukianza unasoma mwezi mmoja kwa moto, kisha vitabu vinarudi sandukuni. Nilipita njia hiyo nikiwa karani wa masijala ya ardhi, na kazi hiyo ninayo mpaka leo, sasa nikiwa nasoma sheria Chuo Kikuu Huria.

Kwa maoni yangu, kinachokuchosha ni kwamba moyo wako uko kwenye sheria, lakini kila siku unakutana na ubepari wa Ulaya na fonolojia, na sheria yenyewe hujaigusa. Joho la uwakili liko mbali sana: shahada kwanza, halafu mafunzo ya vitendo Law School of Tanzania, ndipo uapishwe na Jaji Mkuu. Picha ya mbali namna hiyo haimwamshi mtu alfajiri. Mimi kilichoniamsha ni kuanza kusoma hukumu kabla hata sijawa na sifa za kuomba chuo. Zipo TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, bure, na zinafunguka kwenye simu.

Anza na Ephrahim dhidi ya Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, 1990. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Bernardo Ephrahim, wa ukoo wake, akafungua kesi akitaka mauzo yafutwe kwa kuwa sheria ya mila ya Wahaya haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia. Mama akakata rufaa Mahakama ya Wilaya, akashinda. Ephrahim akapanda Mahakama Kuu, na Jaji Mwalusanya akasema mila inayombagua mwanamke haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Sasa angalia tarehe. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, lakini zilianza kudaiwa mahakamani Machi 1988, miezi michache tu kabla ya mauzo yale. Masijalani nilikuwa nashika mafaili ya wajane na mabinti wanaogombania viwanja na mashamba, nayapanga kwa namba tu. Baada ya hukumu ile nikawa naona ndani ya kila faili kuna mtu, na nikajua ninasoma kwa ajili ya nani.

Hukumu hiyo iko kwa Kiingereza, na hilo ni faida kwako. Soma aya moja au mbili kwa siku, uziandike upya kwa maneno yako. Utakuwa umejifunza lugha utakayofundishiwa chuoni, na karatasi ya Kiingereza nayo itanufaika.

Siku ya mapumziko nenda Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nawe, ukae benchi la nyuma. Mashauri kwa kawaida yanasikilizwa wazi, huhitaji mwaliko, vaa tu kwa heshima na uzime simu. Sikiliza mirathi hasa. Utaona mtu mwenye haki yake kamili anashindwa kwa sababu hakujua alete shahidi gani. Ukirudi nyumbani siku hiyo hutahitaji mtu wa kukuhimiza ushike daftari.

Kuhusu muda: usiige ratiba ya mwanafunzi wa bweni. Ukiwa zamu ya usiku, soma jioni kabla ya kwenda lindoni, maana asubuhi unaporudi kichwa hakishiki kitu. Siku iliyobana, fanya swali moja la mtihani uliopita wa NECTA (Baraza la Mitihani) kwa kalamu na saa, na mtafute mwalimu akusahihishie. Kusoma bila kusahihishwa ndiko kunakomfanya mtu ahisi hasogei.

Halafu hili la kuacha. Utaacha, tena zaidi ya mara moja. Msiba utatokea, mtoto ataumwa, zamu zitaongezwa. Wengi wakirudi wanaanza upya na mada ya kwanza, kwa hiyo wanaijua mada ya kwanza vizuri mno na ya nane hawajawahi kuifungua. Ukirudi, fungua pale pale ulipoishia, hata kama unahisi umesahau yote ya nyuma. Utayapitia wakati wa marudio. Hili peke yake, kwangu, lilifanya kazi kuliko ratiba zote nilizowahi kubandika ukutani.

Ada ya mtihani itenge mapema, na nyumbani wajue unachofanya.

Uliuliza pia kama usubiri mpaka upate kazi nyepesi. Usisubiri. Kiwango cha chini cha TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, ingawa vyuo vingine vinataka zaidi kwa sheria, hivyo lenga juu ya hapo. Na kama kidato cha sita kitakataa kabisa, ipo njia ya astashahada halafu stashahada ya sheria, kwa mfano Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto. Stashahada yenye GPA ya 3.0 inakuruhusu kuomba shahada. Ugumu wake kwako ni kuhudhuria darasani, ndiyo maana mimi sikuichagua.

Notisi zangu za History 1 na 2 bado ninazo, pamoja na maswali yaliyosahihishwa. Za Kiswahili nimeshampa mtu. Nitumie ujumbe useme uko mkoa gani, nitazipakia kwenye basi.